Huku Hupigiwi Hodi: Kwa Mnaokuja Oktoba

Tangu majibu ya maombi ya kuja kusoma huku Ujerumani yaanze kutoka, simu yangu haitulii. Wananiandikia wadogo zangu wa SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine kule Morogoro, wananiandikia watu wa Tanga waliopewa namba yangu na shangazi zao, na karibu wote wanaulizia baridi. Koti la aina gani? Nije na soksi ngapi? Ni kweli masikio yanauma? La koti nitalijibu huko mbele, ila baridi dawa yake inauzwa dukani. Kilichonielemea mimi ni mlango. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, hakuna aliyenibishia hodi. Hilo ndilo ninalotaka kuwasimulia kwa kirefu, maana kwenye makaratasi yote niliyojaza kabla ya safari halikuandikwa popote.

Mimi ni mtoto wa Muheza, mkoani Tanga, nyumba yetu iko njia ya kupandia Amani, milimani Usambara. Shahada ya kwanza nimesoma Morogoro, na tangu Oktoba 2024 niko Bayreuth, mji wa watu kama 75,000 kaskazini mwa jimbo la Bavaria, Ujerumani, nasoma uzamili wa Global Change Ecology. Sasa ni mwisho wa Julai 2025. Mitihani imekaribia, na mji umejaa wageni wa tamasha la opera za mtunzi Wagner, lile lililoanza mwaka 1876. Saa kumi jioni, jua likiwaka, unawaona wazee wenye suti nyeusi na magauni ya kuburuza wanapanda kilima kwenda kusikiliza opera itakayowatoa usiku. Sisi wanafunzi tuko upande wa kusini wa mji, maktaba, tunapiga msuli.

Nianze na nyumba, maana huko ndiko nilikofundishwa mengi. Vyumba vya hosteli za wanafunzi vina foleni ndefu. Omba siku ileile unayopata barua ya udahili, usingoje viza itoke. Mimi nilipata chumba cha hosteli mwezi wa Aprili, kwa hiyo muhula wote wa kwanza nilipanga kwa mama mmoja mjane, umri wake sawa na bibi yangu. Yeye anakaa chini, mimi juu. Huku mtu mzima unamwita kwa jina la ukoo, na yeye hivyohivyo anakuita kwa ukoo wako, hata muwe nyumba moja. Hakuna shikamoo, na mimi ulimi wangu ulikuwa unaitafuta kila asubuhi nikikutana naye ngazini. Moyoni nilimwita Mama Mwenye Nyumba, na ndivyo nitakavyomwita hapa.

Ukishapata chumba, sheria inakupa wiki mbili kwenda manispaa kujiandikisha kwamba unaishi pale. Wenyewe wanaita Anmeldung. Unakwenda na pasipoti na karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba wako. Karatasi utakayopewa pale itunze vizuri, maana nyingine nyingi zinaisubiri: namba ya kodi, akaunti ya benki, kibali cha ukaazi. Baada ya wiki chache barua zinaanza kuingia sandukuni. Inakuja ya bima ya afya. Inakuja ya kodi. Inakuja ya ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kila mwezi kwa kila nyumba, uwe na televisheni usiwe nayo. Mimi hiyo ilinipita kwa sababu nyumba ya Mama ilikuwa inalipiwa tayari. Nikawaandikia namba yake ya malipo, yakaisha. Mkikaa watatu nyumba moja mnalipa ada moja, mnagawana. Nawasihi jambo hili: barua ya huku inajibiwa. Haiwekwi juu ya kabati isubiri mjomba aje aisome. Siku ya kwanza mjini nunua faili yenye vigawio, kila karatasi iwe na mahali pake. Mwanafunzi niliyemwona ametulia mapema hapa hakuwa yule mwenye fedha nyingi, alikuwa yule mwenye faili.

Mama Mwenye Nyumba alinipa utaratibu wa nyumba umechapwa, kurasa mbili. Asubuhi na jioni fungua madirisha yote wazi kabisa, dakika tano hadi kumi, hata kama nje ni theluji, kisha funga. Usiache dirisha nusu wazi kutwa: joto linapotea na ukuta unaota ukungu. Mabaki ya chakula chombo chake, karatasi chombo chake, vifungashio vya plastiki chombo chake. Chupa za vinywaji hazitupwi, zinarudishwa dukani kwenye mashine, na chupa moja ya plastiki inakurudishia senti 25. Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni kimya, na Jumapili ni kimya kutwa nzima. Mimi nilikuja na kinu changu kidogo cha mbao cha kutwangia iliki na kitunguu saumu, alichonipa mama uwanja wa ndege. Kwa hiyo nikawa natwanga Jumamosi, nahifadhi kwenye kikopo.

Wiki zikaenda hivyo. Nasikia mlango wa chini ukifunguka, nasikia redio yake, nasikia harufu ya kahawa. Yeye hapandi juu, na mimi sikujua kama nashuka au sishuki. Kwetu Muheza mgeni akifika, jirani anakuja siku ileile. Asipokuja na chakula anakuja na maneno. Hata mtu mliyegombana naye anakuja, aje aone umeleta nini. Huku nilikuwa narudi chuoni, napika, nakula peke yangu nikitazama ukuta, na ndipo nikaanza kuwaza mawazo ambayo najua kila mmoja wenu atayawaza: hawanitaki. Ni kwa sababu ya rangi yangu, au mtandio wangu, au nimefanya jambo.

Kisha siku ya Jumatano nikakuta kikaratasi kimepenyezwa chini ya mlango wangu. Kimeandikwa kwa mkono, herufi za mwalimu wa zamani, ananialika kahawa na keki Jumapili saa tisa na nusu alasiri, na anaomba nimjibu kama siku hiyo ninayo nafasi. Mtu tunayekaa paa moja! Nikaandika jibu kwa Kijerumani changu cha kuokoteza, nikaliweka ngazini kwake.

Jumapili nikashuka. Meza imetandikwa kitambaa, vikombe vya udongo mweupe, keki ya tufaha kaoka mwenyewe, na ameuliza mapema kama kuna kitu nisichokula. Tulikaa saa mbili na nusu. Hakuangalia simu hata mara moja, hakuinuka kwenda kufanya lingine. Alasiri yote ile alikuwa kaniwekea mimi. Akanieleza kwamba tangu nilipofika alikuwa anataka kunikaribisha, ila aliona ni utovu wa adabu kunisumbua kabla sijamaliza shughuli zangu za kuhamia. Nilipotafakari usiku ule nikaona kwamba ukimya ulioniliza ulikuwa ndiyo heshima yake kwangu.

Na dirishani pale sebuleni kulikuwa na vyungu vya maua madogo ya zambarau, majani yana manyoya laini. Nikayatazama, nikamwambia: haya ni ya kwetu. Hakunielewa. Nikamwambia haya maua kwa asili yanaota kwenye mawe yenye kivuli na unyevu huko milimani kwetu, Usambara. Yeye amekuwa nayo dirishani miaka yote, anayaita Usambaraveilchen kama Wajerumani wote, na hakuwahi kuwaza kwamba Usambara ni mahali ambapo watu wanapanda daladala. Aliyeyapeleka Ujerumani alikuwa mkuu wa wilaya wa Tanga wakati wa ukoloni, Walter von Saint Paul-Illaire. Alimtumia baba yake mbegu, na mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland, wa bustani za Herrenhausen kule Hannover, akalieleza ua hilo kisayansi na kulipa jina la Saintpaulia kwa heshima ya ukoo huo. Leo linauzwa kwenye supermaketi za huku karibu na mlango, pamoja na mboga. Kwetu baadhi ya jamii zake ziko hatarini kwa sababu misitu inakatwa. Mama akaenda kabatini akatoa atlasi ya shule ya zamani, nikamwonyesha Tanga, nikamwonyesha reli inavyopita, nikamweka kidole Amani, ambako Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo na mimea mwaka 1902 na bustani yake ya miti ipo hadi leo. Akasema basi na sisi tulishawahi kuja kwenu bila kualikwa. Sikuwa na jibu, nikamwongezea kahawa.

Kuanzia hapo kila baada ya wiki mbili Jumapili yetu ilikuwa imeandikwa kwenye kalenda yake ya jikoni. Na mimi nikapata ufunguo wa mambo mengine yote. Huku upendo unapita kwenye kalenda. Mtu hajitokezi tu, anaomba siku. Ukimwambia mwenzako wa darasani "tuonane siku moja", atacheka kwa adabu na hamtaonana, lakini ukimwambia "Alhamisi ya wiki ijayo saa kumi na moja, kantini, nataka tuzungumze", atafungua simu yake, ataandika, na Alhamisi saa kumi na moja kasoro dakika mbili yuko pale. Novemba niliwaandikia wenzangu wa kozi kwamba Jumamosi fulani, wiki tatu mbele, napika pilau. Wote waliosema watakuja walikuja, kwa saa waliyoambiwa, na kila mmoja aliuliza alete nini. Ahadi ya huku ikishaandikwa, imeandikwa. Hapo nimejifunza kuwapenda sana hawa watu.

Sisemi huu ndio utaratibu bora. Mlango wa mama yangu kule Muheza haujawahi kumuuliza mtu miadi, na sitaki siku moja uulize. Upungufu wa kalenda ni kwamba haijui kuugua. Januari nilishikwa na homa kali, nikalala, na hakuna aliyekuja kwa sababu hakuna aliyejua, na asingejua mtu kama nisingesema. Nikajikaza nikawaandikia wawili wa darasani na nikamtumia Mama ujumbe. Jioni hiyohiyo palikuwa na sufuria ya supu mlangoni na dawa kutoka famasi. Ninyi mnaokuja, hasa mliofunzwa kwamba muungwana halalamiki: semeni. Mtu wa huku akiambiwa anatenda, asipoambiwa anaamini kwamba unapenda kuachwa peke yako.

Darasani nako kuna mambo. Kwanza alama zimegeuzwa juu chini. Sisi tumezoea GPA, yaani wastani wa alama, ya 5.0 ndiyo kilele, huku 1.0 ndiyo kilele, 4.0 umepita kwa shida na 5.0 umefeli. Wana hesabu ya kubadilisha wanayoiita fomula ya Bavaria: GPA yangu ya 4.1 ikawa 1.9, na mjomba wangu nilipompelekea barua hiyo alinipigia usiku kwa hofu kuuliza nimefanya nini. Ratiba ikikuandikia kipindi saa nne na pembeni pana herufi c.t., kinaanza saa nne na robo, ikiandikwa s.t., ni saa nne kamili na mlango utafungwa. (Na ninyi mtakuwa na hesabu yenu ya ziada ya kugeuza saa za Kizungu kuwa za kwetu. Mimi simu yangu inasema 10:00, kichwa kinasema nne, na sina nia ya kuacha.) Mhadhiri akimaliza, watu hawapigi makofi, wanagonga meza kwa vifundo vya vidole. Ni sauti nzuri, inafanana na mvua inapoanza juu ya bati.

Kikubwa ni hiki: hakuna anayekufuatilia. Kule nyumbani tuna testi ya kwanza, testi ya pili, kazi za vikundi, ukifika kwenye UE, mtihani wa mwisho wa muhula, unajua umesimama wapi. Huku kozi nyingi zina mtihani mmoja mwisho, au ripoti moja, na ndiyo alama yote. Tena mtihani wenyewe unajiandikisha kwenye mfumo wa chuo kabla ya tarehe ya mwisho. Usipojiandikisha, hata ukija umevaa na kalamu mkononi, hufanyi. Tarehe hizo ziandike siku ya kwanza ya muhula. Huku nako watu wanasapu, yaani wanarudia mtihani, na watu wanadisko, yaani wanaondolewa chuoni, ila hakuna tangazo ukutani, inakuja barua.

Na katika semina mtategemewa kusema. Wiki za mwanzo nilimsikia dada mmoja wa Kijerumani akimwambia profesa mbele ya watu, "hapo sikubaliani nawe", nikainamisha kichwa nikisubiri radi. Profesa akauliza, "kwa nini?", akavuta kiti, wakabishana nusu saa, na mwishoni akamshukuru. Mimi nililelewa kwamba mkubwa anapingwa kwa mafumbo, na bado sijaweza kusema "sikubaliani" uso kwa uso. Ninachofanya ni kuuliza swali lenye ushahidi ndani yake. Mei tulikwenda kwenye milima ya Fichtelgebirge kuangalia misitu ya misprusi, miti iliyopandwa safu kwa safu, ambayo tangu ukame wa 2018 inakufa kwa mbawakawa wanaotoboa magome. Kuna vilima vizima vimebaki vijiti vya kijivu. Nikauliza ingekuwaje kama msitu huu ungeachwa uwe wa miti mchanganyiko tangu mwanzo, nikaeleza ninavyoujua msitu wa mawingu wa Amani, mti juu ya mti, na mahali wakoloni walipoingiza miti ya nje ambayo hadi leo inasumbua ile ya asili. Walininyamazia wote kusikiliza. Siku hiyo nilijua kwamba sikuja kuchukua elimu tu, nimekuja nayo.

Kuhusu lugha: kozi yangu ni ya Kiingereza, na wengi wenu pia. Msidanganyike. Darasa ni la Kiingereza lakini mji ni wa Kijerumani: daktari, dereva wa basi, barua zote, mama wa kaunta ya mikate. Kozi za Kijerumani za chuo hujaa upesi dirisha la kujiandikisha likifunguliwa. Bayreuth ina bahati yake, chuo kinafundisha Kiswahili, kwa hiyo kuna Wajerumani wanaotafuta mtu wa kuongea naye. Nina mwenzangu wa namna hiyo: nusu saa Kiswahili, nusu saa Kijerumani, kila Jumanne. Mara ya kwanza alinisalimia shikamoo kwa kuwa nimemzidi miaka miwili, na nikajikuta machozi yananitoka pale kwenye benchi mbele ya kantini. Nilikuwa sijaamkiwa tangu Dar es Salaam.

Chakula nitapita haraka, kwa sababu tatizo hili linatatulika. Maduka ya Bavaria yanafungwa saa mbili usiku na Jumapili hayafunguliwi, basi Jumamosi ndiyo siku ya soko. Ugali wanafunzi wengi wanasonga kwa semolina ya duka la Waturuki. Mimi naona una utelezi, unga wa mahindi mweupe naufuata Nürnberg kwenye maduka ya Waafrika. Huko pia utapata kisamvu kilichogandishwa, kimeandikwa saka saka kwa kuwa walaji wake wakubwa ni ndugu zetu wa Kongo. Iliki, mdalasini na binzari nyembamba kwa Waturuki ni bei nafuu, usibebe kilo. Nazi ni ya kopo. Mbuzi wa kukunia mwacheni nyumbani, uzito wake jazeni dagaa.

Giza ndilo nisilotaka mlichukulie kirahisi. Desemba jua linachomoza saa mbili asubuhi na saa kumi na robo jioni limezama, na siku nyingine hata hilo lililochomoza hulioni kwa mawingu. Mimi mtu wa pwani sikujua kwamba mwili unaweza kumhuzunikia jua. Unaamka umechoka, unataka kulala saa kumi na moja, unakasirikia watu waliokupigia simu na wasiokupigia. Kama mtu atakwambia ni uvivu, usimsikilize. Toka nje mchana hata dakika ishirini, hata kuna mvua. Nenda kwa daktari umuulize kuhusu vitamini D. Na mkija Bayreuth, bustani ya mimea ya chuo ina nyumba za vioo za joto, kuingia ni bure. Januari nilikuwa naingia mle alasiri, miwani inajaa ukungu, harufu ya udongo mbichi na majani ya mgomba, nakaa na daftari langu hadi wanafunga. Huduma ya ushauri nasaha ya wanafunzi nayo ipo. Niliitumia, na naisema hapa wazi kwa sababu kwetu tunaificha.

Ramadhani ya 2025 ilianza Machi mosi, vipindi vimefungwa, chuo kitupu. Namshukuru Mungu ilikuwa majira ya urefu wa mchana kukaribiana na wa Tanga, maghrib ikiingia kama saa kumi na mbili jioni. Sasa hivi kwenye kiangazi jua linazama baada ya saa tatu usiku. Futari nilikuwa nakwenda msikiti wa jamii ya Waturuki. Siku ya kwanza wanawake walinisogezea bakuli la supu ya dengu kabla hata sijavua koti, bila kuniuliza natoka wapi, na pale hapakuwa na kalenda wala miadi. Idi huku tuliswali Jumapili ya tarehe 30 Machi, usiku uleule ambao saa zilisogezwa mbele kuingia majira ya kiangazi, tukalala saa moja pungufu. Kuanzia siku hiyo tofauti ya saa kati yangu na mama ikapungua kutoka mbili hadi moja, na ukiwa mbali hilo unalihesabu kama zawadi.

Sasa fedha, kwa sababu hapo ndipo wengi mtaumizwa na watu mnaowapenda. Asiye na ufadhili anatakiwa kuweka kwenye akaunti ya zuio, Sperrkonto, euro 11,904 kwa mwaka, anapewa 992 kila mwezi. Ukiligeuza hilo kuwa shilingi, nyumbani wanasikia karibu milioni tatu kwa mwezi. Mtu akisikia milioni tatu ana haki ya kuuliza mbona humsomeshi mdogo wako. Mimi nilifanya hivi: nilimpigia mjomba, yeye ndiye msemaji wa ukoo wetu, nikamwomba achukue kalamu. Nikamsomea. Chumba 340. Bima ya afya 140 na ushee, na hiyo ni lazima kwa sheria. Chakula 200, nikiwa mwangalifu. Simu, usafiri, akiba ya mchango wa muhula, dawa, kibali. Aliandika yote, akajumlisha, akanyamaza, akasema, "Mwanangu, kumbe unaishi kwa hesabu." Tangu hapo yeye ndiye anayenijibia kwa ndugu. Huku hakuna bumu, ile fedha ya mkopo wa wanafunzi, wala mtu wa kukukopesha hadi bumu litoke. Kufanya kazi unaruhusiwa: tangu Machi 2024 ni siku nzima 140 au nusu siku 280 kwa mwaka, na kima cha chini cha mshahara kwa mwaka 2025 ni euro 12.82 kwa saa. Mimi nachekecha sampuli za udongo maabara, mara mbili kwa wiki. Kazi ipo, ila muhula wa kwanza msiutoe sadaka kwa kazi. Nimeona waliofanya hivyo, na mitihani haikuwasubiri.

Koti, basi. Usilinunue Dar. Njoo na sweta nzuri mbili na koti jepesi lisilopitisha upepo, Oktoba linatosha. Koti la kipupwe nunua huku la mtumba, bora kuliko jipya la bei rahisi, ila viatu nunua vipya, visivyopitisha maji. Njoo na nakala za vyeti vyako zilizothibitishwa, dagaa, kanga mbili, na picha za nyumbani zilizosafishwa kwenye karatasi, maana ukutani zinasaidia kuliko simuni.

Ukishuka uwanja wa ndege wa Frankfurt au München, treni yako itapitia Nürnberg, na kutoka hapo ni kama saa moja hadi Bayreuth. Treni nyingine za huku hukatwa njiani, mabehewa ya mbele yakaenda mji mmoja na ya nyuma mji mwingine, kwa hiyo soma ubao wa behewa lenyewe kabla ya kukaa. Nitumieni tarehe na saa ya kufika mapema, nitakuja stesheni. Na Jumamosi ya tarehe 11 Oktoba msipange lingine: pilau hosteli kwangu, saa nane kamili mchana. Kila mtu aje na sahani yake na kijiko, na asiyekula nyama aniambie kabla ya Alhamisi.